“Naipeleka juu!” “Imekwenda juu!”: Kisa cha kebo za trimu, Tanga

Kabla ya kisa chenyewe

Kisa hiki kilitokea Tanga, kwenye karakana ndogo inayohudumia ndege za injini moja. Nimezungumza na watu wote wanne waliohusika. Wote wameniruhusu niandike, kwa sharti kwamba majina yao, jina la kampuni, aina ya ndege na tarehe visitajwe. Ndiyo maana humu utakutana na fundi mkuu, fundi kijana, mkaguzi na rubani, basi. Wanaovijua viwanja vyetu vya pwani wataanza kubahatisha. Wasijisumbue: mambo haya yangeweza kutokea Bagamoyo, Mafia, au popote penye ndege moja, mafundi wawili na simu isiyokoma kulia.

Mimi mwenyewe nimeshika spana miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Sikuwapo karakanani siku hizo tatu, na sina hakika kwamba ningekuwapo ningeliona kosa.

Trimu, na kwa nini inachanganya

Nyuma ya mkia wa ndege ndogo kuna bawa linalochezacheza, liitwalo elevata. Rubani akivuta usukani, elevata inapanda, mkia unashuka, pua inanyanyuka. Akisukuma, kinyume chake. Lakini hakuna mwenye mikono ya kuvuta au kusukuma saa nzima kutoka hapa mpaka Dar es Salaam. Kwa hiyo kwenye ukingo wa elevata pamefungwa kibao kidogo, upana wake si zaidi ya kiganja, na rubani anakiamrisha kwa gurudumu lililo karibu na goti lake. Hiyo ndiyo trimu. Inashikilia mzigo badala ya mkono.

Sasa sikiliza vizuri. Rubani akitaka pua ipande, kibao kinatakiwa kiende *chini*. Kikishuka, upepo unakipiga na kukisukuma juu, nacho kinaibeba elevata kwenda nayo juu. Elevata ikipanda, mkia unashuka na pua inainuka. Pua juu, kibao chini. Pua chini, kibao juu. Asiye fundi arudie kusoma sentensi hizo mbili kabla ya kuendelea, maana kisa chote kimo humo.

Kati ya gurudumu la rubani na kibao kuna kebo mbili nyembamba za chuma zinazopita sakafuni, juu ya makapi (magurudumu madogo ya kupitishia kebo), hadi mkiani. Huko zinaungana na kipande cha mnyororo kama wa baiskeli kinachozungusha skrubu ya kibao. Kebo moja ikivutwa, nyingine inalegezwa. Katika ndege hii, vichwa vya kebo zote mbili vinafanana. Ukivibadilishana, kila kitu kinafungika, kila kitu kinasogea, tena laini kabisa. Kinasogea kinyume tu.

Karakana na watu wake

Chumvi ya Tanga haina huruma na chuma. Ndege inayolala karibu na bahari, ikiamka kila siku na unyevu wa alfajiri, kebo zake hazizeeki kama za ndege ya Dodoma. Katika ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka, fundi kijana alipitisha kitambaa juu ya kebo za trimu, kama tunavyofundishwa wote: unakishika kitambaa kwa vidole viwili na kukiburuta taratibu, uzi wa chuma uliokatika unakinasa. Kilinasa mara tatu karibu na kapi la mwisho. Alimwita fundi mkuu, wakatazama kwa tochi, wakaona na kutu. Hapakuwa na mjadala; kebo zote mbili zibadilishwe. Naliandika hili kwa sababu ndilo jambo la kwanza lililofanyika sawasawa, na katika visa vya namna hii watu hulisahau. Bila kitambaa kile, huenda kebo ingekatikia hewani.

Fundi mkuu ana leseni na zaidi ya miaka ishirini ya kazi. Fundi kijana alikuwa mwaka wa tatu tangu amalize chuo, hodari wa mikono, hana leseni bado. Hufanya kazi chini ya sahihi ya mkubwa wake. Mkaguzi hakuwa mtu wa karakana hiyo. Ni fundi mwenye leseni wa kampuni nyingine, aliombwa aje kuweka sahihi ya pili, kwa sababu kazi yoyote inayogusa mfumo wa kuongozea ndege lazima ikaguliwe na watu wawili, mmoja asiwe ndiye aliyeifanya.

Kebo mpya ziliagizwa Dar es Salaam, zikaja na basi.

Alhamisi

Walianza mchana. Njia ya kawaida ya kubadilisha kebo ni kufunga uzi kwenye ncha ya kebo ya zamani kabla ya kuivuta, ili uzi ubaki umeshika njia na kebo mpya iufuate. Walitumia uzi wa katani. Tanga ndiko kwetu kwa mkonge, hata uzi wa karakana ni katani. (Mimi sipendi. Vinyuzi vyake hubaki kwenye makapi. Lakini haukuhusika na kilichotokea.)

Kebo mpya zikapita. Fundi mkuu akaziunga mwenyewe upande wa mbele, kwenye gurudumu, kisha akaenda mkiani. Ncha mbili zilikuwa zikining'inia ndani ya mkia, hazijaungwa. Akachukua utepe wa karatasi wenye gundi, akauzungusha kwenye ncha ya kebo ya kulia na kuandika kwa kalamu herufi moja: K.

Saa 11 jioni simu ililia. Ndege nyingine ya kampuni ilikuwa imekwama Pemba na abiria wake, betri haishiki. Meneja alitaka fundi mkuu aondoke na boti ya usiku. Fundi mkuu alifunga sanduku lake la zana na kuondoka nalo lote, pamoja na kipimo cha nyuzi, yaani digrii za pembe, cha kupimia mwendo wa vibao na mabawa. Kilikuwa kimoja tu karakanani.

Kadi ya kazi aliyoiacha ilikuwa na mstari mmoja: “Badilisha kebo za trimu ya elevata.” Haikuonyesha wamefika wapi.

Ijumaa

Asubuhi fundi kijana alikuwa na kazi nyingine za ukaguzi: plagi, chujio la oili, breki. Mkia aliuacha hadi baada ya swala. Saa 9 alasiri alimpigia mkubwa wake.

“Shikamoo Mzee. Naingia mkiani sasa.”

“Marahaba. Kebo zimeshapita, wewe unaunga tu. Nimezitia alama, hutapotea.”

“Sawa Mzee, nimeiona.”

Aliiona kweli. Aliona K, akasoma *kushoto*.

Nilipomuuliza kwa nini hakufikiri kulia, alicheka kidogo. “Mwalimu, ukianza kuhesabu unaanza kushoto.” Nilipomuuliza fundi mkuu kwa nini aliandika K, alisema aliandika kulia, na kulia ni K, angeandika nini kingine? Kwenye vitabu vya watengenezaji tunasoma L na R. Lakini mtu akiwa amejikunja ndani ya mkia wa ndege, jasho linamwingia machoni, anaandika kwa lugha anayoiota. Kiswahili chetu kimeziweka kulia na kushoto chini ya herufi moja.

Kuna la pili. Nafasi ndani ya mkia ni finyu, na fundi kijana aliingia kichwa mbele, uso ukielekea nyuma ya ndege. Kushoto kwake kukawa kulia kwa ndege. Kama angesahau kugeuza, makosa mawili yangefutana na ndege ingekuwa salama. Hakusahau. Aligeuza vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

Akaunga, akakaza hadi mkazo unaotakiwa, akaweka waya wa usalama. Kazi ya mikono ilikuwa safi; hata baada ya ajali, waliokuja kuikagua waliusifu ule waya.

Usiku wa Ijumaa, karibu saa 3, meneja alipiga simu. Familia moja ya Tanga imefiwa Pemba. Maziko ni Jumamosi baada ya Adhuhuri, watu watatu wanataka kukodi ndege asubuhi. Ndege itakuwa tayari? Fundi kijana alijibu kwamba kazi imeisha, imebaki sahihi ya pili.

Jumamosi alfajiri

Mkaguzi alifika saa 12 asubuhi, mwanga bado hafifu. Alikuwa na ndege yake mwenyewe ya kushughulikia saa 2. Aliangalia mkazo wa kebo, waya, makapi, akaridhika. Kisha wakafanya jaribio la mwendo. Mkaguzi alikaa kiti cha rubani, mkono kwenye gurudumu la trimu. Fundi kijana alisimama mkiani.

“Naipeleka juu!”

“Imekwenda juu, kaka!”

“Naipeleka chini!”

“Imekwenda chini!”

Mkaguzi alishuka, akatia sahihi. Fundi mkuu alisoma kadi kwa picha ya simu akiwa Pemba, naye akaidhinisha ndege irudi kazini.

Mkaguzi alisema “juu” akimaanisha pua. Fundi kijana alisema “juu” akimaanisha kibao. Jibu sahihi la “naipeleka juu” lilikuwa “imekwenda chini”. Lau kebo zingekuwa zimeungwa vizuri, majibu yangepishana na maneno, na naamini wangeshtuka, wangesimama, wangefungua kitabu. Kosa lilifanya maneno yaoane. Kadiri walivyosikilizana, ndivyo walivyozidi kuridhika.

Uwanjani

Rubani alifika saa 1. Alisoma daftari la matengenezo, akaona kebo za trimu zimebadilishwa. Abiria walikwishafika: mzee mmoja, binti yake, na kijana aliyebeba mfuko wa sanda na ubani. Rubani alimwambia meneja kwamba ataizungusha ndege peke yake kwanza, robo saa, halafu atapakia watu.

Meneja hakupenda. Mzee naye alisogea karibu.

“Mwanangu, maiti haingoji.”

“Naelewa, mzee wangu. Nipeni robo saa tu.”

Kampuni haikuwa na kanuni iliyomlazimisha. Rubani aliniambia alirithi desturi hiyo kwa mwalimu wake: mfumo wa kuongozea ukiguswa, safari ya kwanza ni ya rubani na Mungu wake. Alijua kwamba akichelewa na watu wakakosa maziko, lawama zingemwangukia yeye. Alizipokea.

Lakini kabla ya kuruka alifanya kile kile walichofanya wenzake. Orodha yake ilisema: trimu, weka kwenye alama ya kuruka. Aliweka. Alama hiyo iko pembeni ya gurudumu na inafuata gurudumu; haijui kibao kimeelekea wapi huko nyuma. Alizungusha gurudumu mwendo mzima pande zote, likazunguka laini. Hakushuka kwenda kutazama.

Dakika kumi na moja

Ndege iliruka saa 1:40 bila tatizo. Katika alama ya kuruka kibao huwa karibu na katikati, na katikati haina kinyume. Hii ndiyo sababu kosa la namna hii halimjeruhi mtu akiwa chini. Linamsubiri apate mwendo.

Ilipovuka ufukwe kuelekea Kisiwa cha Toten, mwendo ukiongezeka, pua ilianza kupanda kama kawaida. Rubani alisogeza gurudumu la trimu kidogo kuishusha. Pua ikapanda zaidi. Akaongeza. Ikapanda tena. Mara ya tatu alikuwa anasukuma usukani kwa mikono yote miwili, na king'ora kinachoonya kwamba bawa linakaribia kushindwa kubeba kilianza kulia. Urefu ulikuwa kama futi 600 juu ya maji.

“Nilidhani kitu kimekwama,” aliniambia. “Nikawaza kuongeza trimu zaidi.” Angefanya hivyo, pengine nisingekuwa naandika nikiwa na ruhusa yake.

Badala yake alikumbuka maneno mengine ya mwalimu yule yule: mambo yakikuharibikia ghafla, rudisha ulichokigusa mwisho. Akalirudisha gurudumu lilikokuwa. Mzigo ukapungua. Akapunguza nguvu ya injini kiasi, pua ikatulia, king'ora kikanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo huwaambia wanafunzi wangu mara nyingi: akajaribu kwa kidogo. Alisogeza gurudumu upana wa kidole kuelekea “pua chini”, akaona pua inapanda. Akarudisha. Hapo akaelewa. Aliuambia mnara wa kuongozea ndege kwamba anarudi, trimu inafanya kazi kinyume, akageuza kwa duara pana juu ya bahari.

Aliamua kutoigusa tena trimu hadi atue. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, na angeushika angetua salama. Katika hatua ya mwisho, ndege ikipunguza mwendo, pua inazidi kuwa nzito na rubani lazima avute. Miaka kumi na minne mkono wake wa kulia umefanya kitu kimoja katika sekunde zile: umezungusha trimu kuelekea “pua juu” kumpunguzia mzigo. Futi chache juu ya njia ya kutulia, mkono ukafanya. Pua ikaanguka.

Gurudumu la mbele liligonga kwanza, likavunjika, rafadha (panga la mbele linaloivuta ndege) ikakwangua lami. Ndege ilisota, ikasimama katikati ya njia. Rubani alizima mafuta na umeme, akatoka kwa miguu yake. Aliteguka kifundo cha mkono.

Kilichofuata

Taarifa ilipelekwa kwenye mamlaka siku hiyo hiyo. Kibao kilikutwa kimeelekea juu mahali ambapo gurudumu lilionyesha pua juu, na kila aliyeitazama ndege alielewa kwa dakika mbili kilichokuwa kimewapita watu watatu. Injini ilibidi ifunguliwe yote, kwa sababu rafadha ikigonga ardhi injini inazunguka, mshtuko unaweza kuacha ufa ndani ambao jicho haliuoni kwa nje. Gharama ilikuwa kubwa kuliko kebo mia.

Familia ilipata usafiri wa boti. Walifika jioni, maziko yamekwisha. Yule mzee baadaye alimtumia rubani salamu, na rubani hakutaka kuniambia zilisemaje.

Uchambuzi

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika Kiambatisho cha 13, unasema lengo pekee la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia nyingine isitokee, wala si kugawa lawama. Sentensi ni rahisi kuisoma na ngumu kuiishi. Siku za kwanza kila mtu alimtazama fundi kijana. Yeye ndiye aliyeunga. Lakini ukimtoa yeye ukamweka kijana mwingine mwenye akili zile zile, mbele ya alama ile ile, kadi ile ile na simu ile ile, sioni kwa nini asisome kushoto.

Nianze na K. Watu wengi waliosikia kisa hiki huishia hapo, wanacheka, wanaondoka na somo la “andika neno zima”. Ni somo halali. Ila alama ilikuwa moja tu, kwenye kebo moja, na nyingine haikuwa na kitu. Ncha zote mbili zingetiwa alama, hata kwa K mbili, fundi kijana angesimama na kuuliza. Kilichomponza ni kwamba alama ilimpa jibu kamili.

Kadi ya kazi ni tatizo kubwa zaidi, ingawa halichekeshi. Mstari mmoja kwa kazi ya siku mbili una maana kwamba makabidhiano yote yamo ndani ya vichwa vya watu. Tarehe 11 Septemba 1991, ndege ya Continental Express ilivunjika hewani Texas, Marekani, wakafa watu wote 14. Usiku uliotangulia, zamu moja ya mafundi iliondoa skrubu 47 kwenye sehemu ya juu ya ukingo wa mbele wa bawa la mkia, upande wa kushoto, zamu iliyofuata haikujua, ndege ikarudi kazini bila skrubu hizo. Pale palikuwa na karakana kubwa, zamu, wakaguzi. Kwetu zamu ni mtu mmoja kupanda boti ya usiku. Shimo ni lile lile.

Kisha jaribio la mwendo. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu na wanafunzi, kwa sababu watu wawili walitazama sehemu sahihi, wakasema ukweli mtupu, wakafikia jibu la uongo. Kitabu cha ndege hiyo kinaeleza wazi: gurudumu likielekezwa pua juu, ukingo wa nyuma wa kibao ushuke kwa nyuzi kadhaa, na likielekezwa pua chini, ukingo huo upande juu kwa nyuzi kadhaa, na nyuzi hizo hazilingani. Laiti wangepima, mwendo ungekuwa mrefu mahali unapotakiwa kuwa mfupi, na kosa lingejianika hata kwa asiyekumbuka kibao kinaelekea wapi. Kipimo kilikuwa Pemba ndani ya sanduku. Mkaguzi aliniambia bila kuficha: aliona hakuna kipimo, akajiambia mwendo unaonekana kwa macho.

Tarehe 26 Agosti 2003, ndege aina ya Beech 1900D ya Colgan Air ilianguka baharini karibu na Yarmouth, Massachusetts, muda mfupi baada ya kuruka, na marubani wote wawili wakafa. Haikuwa na abiria. Ilikuwa imetoka matengenezoni. Kebo ya trimu ya elevata ilikuwa imebadilishwa, trimu ikawa inafanya kazi kinyume. Wachunguzi walikuta mchoro katika kitabu cha matengenezo ulikuwa umechorwa kinyume, na jaribio la mwendo baada ya kazi halikutosha kuligundua kosa, na marubani hawakufuata orodha yao kabla ya kuruka. Soma tena: mchoro, jaribio, orodha. Ukiweka K badala ya mchoro, umefika Tanga.

Mwaka huo huo, tarehe 8 Januari, Beech 1900D nyingine, ya Air Midwest, ilianguka Charlotte, North Carolina, wakafa watu 21. Kebo za elevata zilikuwa zimekazwa vibaya, rubani hakuweza kuisukuma pua chini ya kutosha, na mzigo wa ndege ukaongeza ugumu. Fundi aliyeifanya kazi hiyo hakuwahi kuifanya kwenye ndege ya aina hiyo, akaruka baadhi ya hatua, na mkaguzi wake alikubali. Huyo mkaguzi ndiye aliyekuwa akimfundisha. Ninapowasimulia mafundi wetu habari hiyo, wanakaa kimya, kwa sababu kila mmoja ana mwalimu aliyemwambia “hapo pita tu”.

Sahihi ya pili, basi. Kanuni inadai jicho la pili ili liwe huru. Mkaguzi alikuwa huru kwa karatasi: kampuni nyingine, hana maslahi. Lakini alifuata mpangilio wa fundi kijana, alitumia maneno ya fundi kijana, hakufungua kitabu. Alikagua kazi aliyoonyeshwa. Jicho la pili likisimama mahali pale pale pa jicho la kwanza, linaona kile kile. Ningependa mkaguzi aanze upande wa pili: aende yeye mkiani, na aliyefanya kazi akae mbele.

Rubani ndiye aliyewaokoa watu watatu, na hakuwaokoa kwa ustadi wa hewani. Aliwaokoa kwa maneno “nipeni robo saa”, akiwa bado ardhini, mbele ya mfiwa. Abiria watatu nyuma wangekuwa uzito ulio nyuma, na uzito wa nyuma huisaidia pua kupanda. Sipendi kukisia yangekuwaje. Hapo hapo, naye hakushuka kukitazama kibao, hatua ya sekunde thelathini, siku ambayo alikuwa na sababu ya pekee ya kukitazama. Aliniambia alikuwa ameshasoma sahihi mbili. Sahihi zilimfanya asitazame. Nadhani hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote: kila kizuizi kilimpunguzia nguvu kizuizi kilichokifuata.

Kuhusu mkono wake wakati wa kutua, sina ushauri wa maana. Mazoea ya miaka kumi na minne hayafutwi kwa dakika kumi na moja. Rubani mmoja mzee aliyesikia kisa hiki alisema yeye angefunga gurudumu kwa leso. Pengine. Angekuwa na leso, na mkono wa kuifungia.

Kilichobadilika karakanani

Mambo machache, na si yote yaliyoahidiwa. Kebo sasa hutiwa rangi kabla ya kutolewa, nyekundu kulia na nyeupe kushoto, pande zote mbili za kila kebo. Kadi ya kazi ya trimu imegawanywa hatua tisa, na kila hatua ina nafasi ya jina na saa. Neno “juu” limepigwa marufuku katika jaribio la mwendo. Anayekaa mbele anasema “pua”, anayesimama nyuma anasema “ukingo wa kibao”, na jibu linaandikwa kabla ya kulinganishwa na kitabu. Fundi kijana ndiye aliyelipendekeza hilo. Bado yuko kazini, na anajiandaa kwa mtihani wa leseni.

Kampuni imeandika kanuni kwamba safari ya kwanza baada ya kazi ya mfumo wa kuongozea isiwe na abiria. Meneja alibishana wiki mbili kabla ya kuikubali.

Kipimo cha nyuzi bado ni kimoja. Cha pili kimeagizwa, na nilipopita mara ya mwisho kilikuwa hakijafika.